Ajali ikitokea mgodini, nani atasema na redio?

Ndugu mfanyakazi wa Kiwanja, unakumbuka Mei 2021. Jioni ya tarehe 22 Nyiragongo ilipasuka, na wengi wa Goma wakakimbia kabla ya kupata neno la hakika. Tarehe 27 gavana Constant Ndima alitangaza mwenyewe: kartie 10 kati ya 18 zihame, watu washike njia ya Sake. Hapo mtu alijua la kufanya.

Nasi tujiandae ajali ingali mbali. Kampuni ichague msemaji mmoja, na wa pili kama huyo hayupo. Majina na namba zao za simu zibandikwe kwenye biro ya kapita na dispensari. Jamaa za walioumia waambiwe kwanza, uso kwa uso. Mama asisikie jina la mwanawe redioni! Kisha msemaji aeleze yaliyo hakika, aseme wazi yasiyojulikana bado, na saa atakayorudi kusema. Asibahatishe hesabu ya waliokufa.

Sisi wa dispensari hatumpi mwandishi jina wala hali ya mgonjwa, hata akiwa shemeji. Nawe ukiulizwa mlangoni, mwonyeshe msemaji. Na kupiga picha za majeruhi kwa simu, hapana.