Nikikaza mkanda naumia, nikiulegeza suruali inashuka

SWALI: Fundi, nina kitambi, makalio sina. Suruali inateleza kila nikitembea, hasa nikiwa na simu na funguo mfukoni. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usiulaumu mkanda. Kitambi huisukuma suruali chini kwa mbele, na nyuma haina pa kushikia. Mwambie fundi cherehani aibane kwenye mshono wa nyuma, sentimita 2 au 3 tu; akizidisha, mifuko ya nyuma itasogeleana. Kabla hajashona, kaa kitini: vidole viwili vikipenya kiunoni, inatosha. Kama bado inashuka, vaa kanda za mabegani. Mabega yatabeba uzito, tumbo lipumue. Na funguo zihamie kwenye begi.