Ukweli Hausomwi Machoni
*Kijitabu cha elimu kwa familia, walimu, viongozi wa mitaa na askari polisi*

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo maisha yake yote. Hauambukizi, si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshika utaratibu wa siku yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wapo wasiotumia maneno kabisa, na wapo wanaozungumza vizuri. Kijitabu hiki kinawahusu zaidi hawa wanaozungumza, ambao ukweli wao huwaponza.

Mbona anasema kila kitu wazi?

Ukipita mahali watu wanakula, watakwambia "Karibu." Hata kama njaa inakuuma, utajibu "Asante, nimeshiba," ujiendee zako. Kijana mwenye usonji anaweza kunawa mikono akaketi. Akiulizwa "Habari za asubuhi?" huenda akajibu "Mbaya, tumbo linaniuma." Shangazi akitaka kujua kama pilau ni tamu, ataambiwa chumvi imezidi.

Hajakusudia kumwaibisha mtu. Ameulizwa, amejibu. Wengine hujifunza kupindisha jibu kwa kuwatazama wakubwa tu. Yeye mara nyingi huhitaji kuelezwa waziwazi lini watu hufanya hivyo, na kwa nini.

Kwa hiyo hawezi kudanganya?

Anaweza. Tafiti zimeonyesha kuwa watoto wenye usonji nao husema uongo kuficha kosa, na hata kumfurahisha mtu, kwa mfano kusifu zawadi wasiyoipenda. Kinachowashinda wengi ni kuutunza uongo huo: maswali mawili matatu ya nyongeza, na mambo yamefichuka.

Wapo pia watu wazima wanaojilazimisha kutazama watu machoni, au kucheka kwa sababu wenzao wanacheka, ili wasionekane tofauti. Hilo huwachosha sana, na baadhi yao huona kama wanajisaliti.

Mkweli anapoonekana mwongo

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwauliza watu wa nchi 58 wanamtambuaje mwongo. Jibu lililoongoza lilikuwa: hatazami machoni. Jibu hilo halina msingi, kwani mkweli na mwongo wote huweza kukwepa macho. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo ulikuta kwamba watu wakipima nani mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza, hupatia takriban mara 54 katika 100, karibu sawa na kurusha shilingi. Isitoshe, tunawafundisha watoto kuinamisha macho mbele ya wakubwa, kisha tukiwashuku tunawafokea: "Niangalie usoni!"

Mwenye usonji huumia zaidi hapo. Nchini Australia, watafiti waliwaonyesha watu video za watu wazima wakihojiwa. Wenye usonji walionekana waongo zaidi kuliko wengine, hata waliposema kweli.

Tazama mahojiano haya kituoni:

— Ulikuwa wapi jana?
— Jana saa ngapi?
— Unanijibu swali kwa swali?
— Ndiyo.

Askari ameona ujeuri. Kijana alitaka kujua saa inayoulizwa, ili asiseme jambo lisilo kweli.

Mkweli anapodanganywa

Anayechukua maneno kama yalivyo yumo hatarini pia upande wa pili. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huwanasa watu wengi, sembuse yeye. Wapo wanaomwambia "ukitaka tuwe marafiki, ninunulie vocha," au kumpa mzigo aubebe bila kumweleza una nini ndani. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 ulikuta kuwa watu wazima wenye usonji hupata shida zaidi kutambua uongo.

Tufanye nini?

*Mzazi au mlezi:* "Usiamini watu" ni onyo lisiloshikika. Mpe kanuni anayoweza kuifuata: hela haitumwi mpaka umpigie mhusika kwa namba yake unayoijua. Mfundishe pia kwamba kunyamaza si kudanganya, na si kila ukweli lazima usemwe.

*Mwalimu:* Mhoji faraghani, si mbele ya darasa. Usimwadhibu kwa kutokukutazama. Akikwambia umekosea ubaoni, angalia kwanza kama kweli umekosea.

*Askari na kiongozi wa mtaa:*
- Tafuta mahali patulivu.
- Uliza swali moja kwa wakati, lenye saa na mahali. Acha kejeli na mafumbo.
- Msubiri ajibu. Ukimya wake si kukiri kosa.
- Mruhusu awe na mtu anayemwamini.
- Jihadhari na "ndiyo" ya haraka. Huenda anataka tu mahojiano yaishe.
- Pima maelezo yake kwa ushahidi, si kwa uso wake.

*Wewe mwenye usonji:* Una haki ya kusema "Sijaelewa swali" au "Nitakujibu kesho." Mtu akikuharakisha kuhusu pesa, siri au mwili wako, usikubali hapohapo. Mweleze kwanza mtu uliyemchagua.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 13 inazitaka serikali kurekebisha taratibu ili mwenye ulemavu apate haki sawa na wengine, tangu hatua ya upelelezi, na kuwapa mafunzo polisi na askari magereza. Kwa hiyo, unapoomba mwanao aulizwe polepole, au akae na mtu anayemfahamu wakati wa mahojiano, huombi upendeleo. Omba bila woga, na ukikataliwa, omba sababu ya kukataliwa iandikwe.