Chora Ramani ya Wanaoweza Kukusaidia Kibiashara Rongai

Unataka kuuza maziwa Kampi ya Moto, au kupikia madereva wa malori pale Salgaa, hapa Rongai, kaunti ya Nakuru? Wengi huanza kwa kutafuta mkopo. Mimi nakushauri uanze kwa kutafuta watu.

Nunueni karatasi ya manila, mkae wanachama watano au sita wa kikundi chenu, mchore soko lenu na barabara zake. Kisha tieni alama: mwenye agroveti, mashine ya posho, fundi wa kuchomelea vyuma, anayekusanya maziwa, steji ya bodaboda, kanisa lenye ukumbi. Kando ya kila mmoja andikeni anatoa nini, kwa bei gani, na siku gani anapatikana. Msimsahau muuzaji wa jumla anayekubali kulipwa baada ya wiki. Huyo ni mkopeshaji asiyetoza riba, na mara nyingi ndiye anayemwokoa anayeanza. Mambo ambayo hamna hakika nayo, nendeni mkaulize wenyewe.

Ofisi je? Ya kwanza ni ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo, inayosajili vikundi. Sheria ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen kwa takriban shilingi 1,000. Kama hujui kutumia mtandao, nenda Huduma Centre mjini Nakuru. Kwa ujuzi, Chuo Kikuu cha Kabarak kiko humu humu Rongai, na Egerton, chenye sifa ya kilimo, kiko Njoro.

Sasa pesa. Uwezo Fund hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vilivyodumu angalau miezi sita na vyenye akaunti ya benki. Hakuna riba, ila ada ya usimamizi ya asilimia 3: mkopo wa 100,000 una ada ya 3,000. Hustler Fund, kwa kubonyeza *254#, humkopesha mtu binafsi kuanzia shilingi 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ukikopa 1,000 utapokea 950, kwa kuwa asilimia 5 huwekwa akiba, nawe utalipa ndani ya siku 14. Muda huo unamfaa mama mboga. Anayefuga kuku atabanwa.

Mwisho, andikeni kwenye ramani AGPO, mpango unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni, yaani kazi na bidhaa zinazonunuliwa na serikali. Kujisajili ni bure. Akitokea mtu anayekudai chochote ili akusajili, usimpe.