Pima Ute Kabla ya Kuandika TB

Mama mmoja mwenye pumu alikuwa karibu kuanzishwa dawa za TB kwa mara ya pili. GeneXpert haikuona kitu, eosinofili za damu zilikuwa juu, lakini eksirei ilikuwa na madoa sehemu ya juu ya mapafu, na huku kwetu madoa ya juu huitwa TB bila kuulizwa.

Kituo binafsi alikopigwa CT kilimpa filamu moja, vipicha vidogo kama stempu. CD je? "Dokta, hiyo inalipiwa kivyake." Nilikasirika, na hasira haijaisha, kwa sababu filamu haipimiki. Mumewe alirudi akalipia, nikazifungua picha kwa 3D Slicer, programu ya bure ninayoipenda kuliko nyingi za kulipia.

Anza na picha zilizopigwa kabla ya dawa ya mshipani. Ikishaingia, mishipa ya damu hung'aa na kukuchanganya. Tumia mwonekano wa misuli, usitumie ule wa mapafu. Njia zake za hewa za katikati zilikuwa zimetanuka na kuziba kwa ute. Nikaweka duara dogo ndani ya ute bila kugusa ukuta, na jingine kwenye msuli wa kando ya uti wa mgongo. Msuli: 52 kwa kipimo cha Hounsfield. Ute: 96! Ute wa kawaida hauzidi msuli. Ukivuka 70 kwa mtu mwenye pumu, fikiria mzio wa kuvu wa Aspergillus, ingawa kukosekana kwa ute wa namna hiyo hakufuti ugonjwa huo. IgE ya Aspergillus ilirudi juu sana. Kwa prednisoloni, mama yule sasa anapanda ngazi bila kusimama.

Magonjwa mengine ya mapafu yenye eosinofili, kwa haraka. Nimonia sugu ya eosinofili hukumbatia pembezoni, hasa juu, na kuacha katikati peusi. Ile ya ghafla huleta ukungu pande zote na maji kifuani, mara nyingi kwa kijana aliyeanza sigara karibuni, na eosinofili za damu zinaweza kuwa za kawaida mwanzoni. Madoa yanayohamahama? Tafuta minyoo ya Ascaris. Pumu yenye ganzi ya miguu? Fikiria mishipa ya damu iliyovimba; CT peke yake haitakuambia. Mkazi wa pwani anayekohoa usiku, muulize kuhusu minyoo ya matende.

Na kabla ya steroidi, wenzangu, shughulikieni strongiloidi. Mwenye minyoo hiyo akipewa prednisoloni, minyoo husambaa mwilini, na huua.