Nianze na Mchekeshaji Gani wa Uingereza?

Swali: Napenda vichekesho, lakini kila riwaya ya Kiingereza ninayoanza inanichosha. Nianze na ipi?

Jibu: Anza na Three Men in a Boat ya Jerome K. Jerome, iliyotoka 1889. Mwandishi alikusudia kuwaelekeza wasafiri wa mto Thames. Vichekesho vikamzidi nguvu. Tafuta kisa cha kopo la nanasi. Marafiki watatu wana hamu nalo, kumbe hawana cha kufungulia. Harris anavunja kisu na kujikata. George anajaribu mkasi, nusura ajitoboe jicho. Wanaligonga kwa mlingoti mpaka linapondeka, na bado halifunguki! Linaishia mtoni. Kinachochekesha hapo ni hasira tupu ya watu wazima dhidi ya kopo, ndiyo maana kisa hakichakai.

Kisha msome P. G. Wodehouse, Right Ho, Jeeves ya 1934. Huyu anahitaji subira, maana sentensi zake zina mizunguko. Lakini hotuba ya mhusika Gussie, akiwa amelewa chakari, siku ya kugawa zawadi shuleni, kwangu haina mpinzani.

Kitabu cha Jerome hakibanwi tena na hakimiliki. Kipakue bure kwenye simu yako.