Kidonda cha mguuni na maradhi ya utumbo

Unapoosha miguu kwa ajili ya udhu, itazame pia. Ukiona vivimbe vyekundu vyenye maumivu kwenye muundi, au kidonda chenye kingo za zambarau kinachopanuka haraka, jiulize: tumbo langu likoje?

Yapo maradhi sugu ya utumbo yanayoleta kuharisha damu, maumivu ya tumbo na kukonda. Wakati mwingine hujitokeza kwenye ngozi, hata kabla ya tumbo kusumbua. Kidonda cha aina hiyo hakisababishwi na vijidudu, na kukikata au kukikwangua huweza kukikuza.

Lakini kifua kikuu na amiba navyo hushambulia utumbo, na kifua kikuu huweza kuleta vivimbe hivyo hivyo. Ndiyo maana daktari hupima kwanza choo na makohozi, na pengine kipande kidogo cha ngozi. Dawa za steroidi hutuliza kidonda hicho, ila huchochea kifua kikuu na amiba. Usijinunulie dukani.

Ukifika kituo cha afya Mlimba, au ukipewa rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, usione haya: eleza kidonda, eleza na choo.