Nyungunyungu kwa Samaki, Bila Kuharibu Maji

Mkulima mwenye bwawa, nyungunyungu ni chakula kizuri cha samaki, hasa kambare, na unao bure chini ya lundo lako la samadi. Lakini ukiwatupa ovyo bwawani, waweza kupoteza samaki wote kwa usiku mmoja. Wasioliwa hujificha matopeni, hufa na kuoza. Kuoza huko hula hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi.

Kwa hiyo fuata njia hii:

1. Usichimbe nyungunyungu mahali palipopigwa dawa ya wadudu.

2. Waoshe, kisha uwaweke usiku kucha katika debe lenye majani yenye unyevu, ili watoe udongo ulio tumboni. Funika debe kwa gunia.

3. Tengeneza kisanduku kifupi cha mbao chenye wavu wa matundu madogo sana chini. Tia jiwe kizame, funga kamba, ukishushe mahali pale pale kila siku.

4. Lisha jua likishapanda, si alfajiri. Tia kidogo tu. Baada ya dakika 15 vuta kisanduku. Wakiwa wamebaki, warudishe kwenye samadi, na kesho upunguze.

Ukiona samaki wakihema juu ya maji alfajiri, acha kulisha mara moja na uingize maji safi. Njaa ya siku moja haiui samaki; maji mabovu huua.